Kutengeneza Makala ya Historia kwa Jarida la Wataalamu

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa jioni mbele ya mkutano wa walimu na makarani. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.)



Nimeombwa niseme juu ya namna ya kutengeneza makala ya historia hata ikubaliwe na jarida la wataalamu. Mimi si mwanahistoria. Kazi yangu ni kufasiri, na kwa sababu hiyo makala nyingi za watu wengine zimepita mikononi mwangu, zilizochapishwa na zilizorudishwa. Zile zilizorudishwa ndizo zilizonifunza zaidi.

Majarida ya namna hii si mageni katika nchi zetu. Uganda Journal lilianza mwaka 1934, na Tanganyika Notes and Records mwaka 1936. Mwaka 1960 likaanza The Journal of African History huko Uingereza. Mwaka 1966 likaanza Azania hapa Nairobi. Na mwaka 1974 likaanza History in Africa, ambalo kazi yake hasa ni kuzichunguza njia zenyewe za kupata habari za kale. Kila jarida lina kanuni zake, nazo hazifanani. Basi yafaa mtu alichague jarida kabla hajashika kalamu, alisome toleo moja au mawili tangu jalada hata jalada, kisha azitafute kanuni walizoandikiwa watungaji. Nimepata kumwona mtu aliyeandika maneno mara mbili ya kiasi kilichotajwa, naye akadhani mhariri atampunguzia. Mhariri hakupunguza neno hata moja, aliirudisha yote.

Makala ya jarida si habari za kabila zima tangu mwanzo wa dunia. Ni jibu la swali moja. Mwenye kutaka kuandika juu ya reli ajiulize ni jambo gani la reli, mahali gani, miaka gani. Akiisha kupata jibu, aandike muhtasari mfupi wa kuwekwa mbele ya makala, usemao swali lilikuwa nini, ushahidi umetoka wapi, na amepata nini. Wengi huandika muhtasari kana kwamba ni tangazo la sinema, wakificha mwisho wake ili msomaji avutwe. Mhariri havutwi kwa njia hiyo.

Sasa nije kwenye tanbihi, yaani yale maandishi madogo yaliyo chini ya ukurasa, ambayo watu huyaona kuwa ni mapambo. Majarida mengi ya historia huyataka, na sababu yake ni hii: msomaji aliye mbali apate kwenda mahali pale pale ulipokwenda wewe, afungue faili lile lile, aone kama ulisema kweli. Haitoshi kuandika kwamba habari hii imo katika nyaraka za serikali. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, ambayo ilianzishwa mwaka 1965 na ambayo nyumba yake iko Moi Avenue, Nairobi, ina mafaili mengi mno. Lazima utaje jina la hifadhi, alama za faili, mwandishi wa barua, aliyeandikiwa, na tarehe. Ukiona herufi DC/FH, ujue hilo ni faili la Mkuu wa Wilaya wa Fort Hall, mji tuuitao leo Murang'a. Ukiacha herufi moja katika alama hizo umempoteza msomaji wako.

Tena nyaraka za jambo moja huweza kulala katika nyumba mbili. Mwaka 2011 ilidhihirika mbele ya mahakama ya London kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa imeyaficha mafaili mengi yaliyochukuliwa kutoka Kenya wakati wa uhuru, mwaka 1963. Tangu mwaka 2012 mafaili hayo yameanza kufunguliwa kwa wasomaji huko Kew, chini ya alama FCO 141. Kwa hiyo aandikaye leo juu ya miaka ya Hali ya Hatari, naye akataja Nairobi peke yake, ataulizwa kama ametazama na upande wa pili.

Katika vitabu pia tuwe waaminifu. Krapf, yule mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, alichapisha safari zake kwa Kijerumani mwaka 1858, na kitabu cha Kiingereza kikatoka mwaka 1860. Kama umesoma kile cha Kiingereza, taja cha Kiingereza, wala usitaje cha Kijerumani ili uonekane msomi. Kurasa za vitabu hivi viwili hazilingani, na mwenye kufuata tanbihi yako atakugundua mara moja. Kadhalika kama neno la Krapf umelikuta katika kitabu cha mtu mwingine, sema hivyo.

Majina ya mahali nayo yana taabu yake. Karatasi za zamani husema Kavirondo, au Wanika, au Jimbo la Seyyidie. Unaponukuu, acha neno lilivyo, hata kama lachukiza. Katika maneno yako mwenyewe tumia jina la leo, na mara ya kwanza eleza kwamba Wanika wa karatasi zile ndio Wamijikenda. Tena kumbuka kwamba mipaka imehama. Kisumu na nchi zilizo kando yake zilikuwa sehemu ya Uganda mpaka mwaka 1902. Atafutaye habari za Kisumu za mwaka 1900 katika taarifa za Mombasa peke yake atarudi mikono mitupu.

Na miaka je? Barua za pwani mara nyingi zina tarehe za Hijra. Mwaka 1300 wa Hijra ulianza Novemba 1882 ukaisha mwaka 1883. Basi, pasipo kuujua mwezi, andika 1882-83, usichague mmoja kwa kubahatisha. Wazee wa bara hawana haja na tarakimu hizo. Atakuambia jambo fulani lilikuwa kabla reli haijafika Nairobi, nawe wajua kwamba reli ilifika mwaka 1899. Au atataja njaa ambayo Wakamba huiita Ngomanisye, nawe wajua kwamba ilikuwa ikiua watu mwaka 1898 na 1899. Yaandike yote mawili, maneno ya mzee na hesabu yako, ili ikiwa hesabu ina kosa, maneno yabaki.

Juu ya sura ya karatasi sitakawia. Acha nafasi mbili kati ya mistari, na pambizo pana pande zote. Tia namba kila ukurasa. Maneno yasiyo ya lugha ya makala yaandikwe kwa herufi za mlazo, ambazo zamani, tulipokuwa tukipiga taipu, tulizionyesha kwa mstari chini ya neno. Ramani na picha zipelekwe mbali na maandishi, pamoja na ruhusa ya mwenyewe. Jina lako liondoe katika makala yenyewe, hata katika tanbihi usemamo "kama nilivyoandika mahali pengine", kwa maana majarida mengi huwapa makala wasomaji wawili wasiomjua mtungaji, wala yeye hawajui. Usipeleke makala moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja.

Kisha utangoja, pengine miezi mingi. Jibu likija na maswali, usikasirike. Maswali ni dalili kwamba makala imesomwa.

Hapa, kwa ruhusa yenu, nitaeleza kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita mwalimu mmoja wa Ukambani aliandika makala juu ya Ngomanisye. Alikuwa amezunguka kwa baiskeli wakati wa likizo, akiwauliza wazee waliyoyasikia kwa wazazi wao. Bibi mmoja mkongwe sana alimpa habari za nyanya yake, ambaye katika njaa ile alipelekwa Ukikuyu akiwa msichana, na nyumba yao ikapata chakula. Mwalimu aliisikia habari kwa Kikamba, akaiandika kwa Kiswahili kwamba yule msichana "aliwekwa" kwa watu wa huko. Akaniletea mimi niifasiri kwa Kiingereza. Neno "aliwekwa" nililiona halina nguvu, nami nilikuwa na haraka. Nikaandika neno lenye maana ya kwamba aliuzwa.

Baada ya miezi minane barua ya mhariri ilikuja. Mmoja wa wasomaji aliisifu makala, ila aliuliza swali moja: Bibi yule alitumia neno gani hasa? Kwani aliyewekwa rehani aweza kukombolewa mvua ikinyesha na nyumba yao ikipata tena, na ndugu zake hawakumpoteza. Aliyeuzwa ni habari nyingine kabisa. Makala yote ilisimama juu ya tofauti hiyo, nami nilikuwa nimeifuta kwa neno moja.

Tukatafuta daftari. Mwalimu, alipokwisha kuandika nakala safi, alizichana zile kurasa za Kikamba, akidhani kazi yake imekwisha. Akapanda baiskeli akaenda kwa yule bibi, akakuta matanga yameondolewa majuma matatu nyuma. Wajukuu walimkaribisha vizuri, wakamwuliza kitabu chenye jina la nyanya yao kitafika lini. Mmoja alisema yeye hukumbuka "aliwekwa". Mwingine akasema hajui. Makala ilichapishwa mwaka uliofuata bila kurasa zile nne. Jina la bibi halimo.

Ndiyo maana sasa kila aniletaye kazi ya kufasiri namwuliza kwanza maneno ya asili yako wapi, jina la msemaji, mahali, tarehe ya mazungumzo, na kama msemaji amekubali jina lake litajwe. Wengine huona nawasumbua.

Yule mwalimu hakuacha. Mwezi uliopita aliniletea mwanzo wa makala nyingine. Katika tanbihi ya pili yamo maneno ya mzee mmoja kwa Kikamba, chini yake Kiswahili, na chini ya Kiswahili ameniachia nafasi ya mistari mitatu kwa ajili ya Kiingereza. Bado sijaijaza, nimempelekea maswali mawili juu ya neno la nne, nami nangoja jibu lake.