Mgeni Ajifunzaye Nyumbani Mwetu

Hotuba kwa wenye nyumba waliokubali kuwapokea vijana wa kujitolea



Twaomba kusema nanyi habari ya vijana wa Kimarekani wa Peace Corps, ambao kabla ya kupelekwa kazini hukaa majuma yapata kumi katika nyumba za watu kama sisi, wajifunze lugha na desturi. Wenzetu wa Muheza, Mkoa wa Tanga, wamekwisha kuwapokea mara nyingi. Wengi wenu mmetuuliza: Atakula nini? Atalala wapi? Maswali hayo ni mema, lakini liko jambo kubwa kuliko hayo. Kijana huyu akitoka kwetu atakwenda peke yake kijiji asichokijua, akae miaka miwili akifundisha hesabu na sayansi, au akifanya kazi ya afya au ya kilimo. Huko hatakuwa na mkalimani. Akiba yake itakuwa ni yale aliyoyapata nyumbani mwetu.

Zamani haikuwa hivi. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1961 kwa amri ya Rais Kennedy, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea watu wake, nao walikuwa wapimaji, wajuzi wa miamba na wahandisi wa barabara. Walifundishwa kwao Marekani, katika chuo cha mji wa El Paso, Texas, kisha wakaja huku mwaka huo huo. Shirika liliondoka nchini mwaka 1969, likarudi mwaka 1979, na baadaye mafunzo yakahamishiwa huku. Sisi twaona mabadiliko hayo ni mazuri, kwa maana darasa halina jiko, wala mtoto aliaye, wala jirani abishaye hodi wakati wa chakula.

Basi, ni mambo gani yampatayo kijana katika nyumba? La kwanza ni maneno yenyewe. Akijikwaa mlangoni, watu wote humwambia, "Pole." Yeye hudhani wamwomba radhi, kwa kuwa kwa Kiingereza neno moja lafanya kazi zote mbili, naye hujibu, "Si kosa lenu." Watoto hucheka, naye hajui wachekalo. Mathalan tena, mama mwenye nyumba hufurahi akamwambia, "Umenenepa," kwa kumsifu kwamba chakula kimemkubali. Binti wa watu huenda chumbani akalia. Haya hayana ubaya wowote ikiwa yupo mtu wa kumweleza pole pole. Yakiachwa bila kuelezwa, hugeuka kinyongo.

La pili ni mlango wa chumba, na hapa twaomba mtusikilize sana, maana limesumbua nyumba nyingi. Kwao, mtu mzima akichoka hufunga mlango wake akasoma kitabu au akanyamaza tu, wala si dalili ya hasira. Kwetu, mtu aliyejifungia mchana ama ni mgonjwa ama amekosewa. Kwa hiyo mama hugonga: "Waumwa?" Baada ya kitambo hugonga baba: "Tumekukosea nini?" Kisha hutumwa mtoto. Kijana, ambaye tangu alfajiri amekuwa akihangaika na lugha ngeni, hakosi kuona kwamba analindwa kama mfungwa. Na wenyeji huona kwamba wamedharauliwa. Nyumba moja tuijuayo ilipata dawa yake: baada ya masomo mgeni aliachwa saa nzima bila kugongewa, lakini jua likichwa hapana ruhusa ya kukaa ndani; lazima atoke akae barazani na wenzake. Wote wakaridhika.

La tatu ni heshima iliyozidi. Twawajua wenyeji waliomwandalia mgeni meza ya peke yake, na kijiko, na nyama yote nono, nao wakala jikoni. Wamefanya hivyo kwa ukarimu, hatuwalaumu. Illa mgeni wa namna hiyo hujifunza kula peke yake tu. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nasi twaona neno hilo halijapata kufaa kama lifaavyo hapa. Binti mmoja alikaa siku tano mezani peke yake, akijua kusema "Asante" na "Nimeshiba." Siku ya sita bibi wa nyumba alimwita uani, akamkalisha juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Alijikwaruza vidole, akacheka, na kabla ya chakula kuiva alikuwa amekwisha kujua kukuna, kukamua, kuchuja, tui na chicha, maneno ambayo hakuwa ameyasikia darasani.

Baadaye jirani alifiwa. Wengine walisema mgeni abaki nyumbani, asije akaona huzuni. Mama alikataa, akamfunga kanga, akaenda naye. Alikaa mkekani pamoja na wanawake, akaosha vyombo, akanyamaza waliponyamaza. Miezi michache baadaye, katika kijiji alichopelekwa, mzee mmoja wa jirani alifariki, naye akaenda matangani bila kuambiwa na mtu. Tangu siku ile, kwa habari tulizopata, watu wa kule waliacha kumwita Mzungu, wakamwita kwa jina lake.

Fedha ya chakula hutolewa na shirika; haifai kumkopa kijana, wala kumfanya aone kwamba kila salamu ina ombi nyuma yake. Msichoke kumsahihisha, hasa katika "Shikamoo," ambayo wengi wao huwaamkia watoto, na katika saa, kwa kuwa sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza nao hawahesabu hivyo.

Kabla hawajafika, kila nyumba itengeneze chumba chenye kufuli na chandarua, na ndoo na kata ya kuogea. Siku ya kwanza mwonyesheni choo na kisima kabla ya kumwonyesha picha za ukoo. Mwenye swali asimame sasa aulize.