Bomba likifika uani, tukutanie wapi?

Msikilizaji, maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu yanapofika kwenye bomba la uani hapa Same, mama anaitua ndoo, nasi tunashangilia. Ila foleni ya kioski cha maji inapokwisha inaondoka na mengine: habari ya msiba wa usiku, au mtu kugundua kwamba bibi wa jirani hajaonekana tangu juzi. Mji uyapangie hayo mahali, kama ulivyoyapangia mabomba njia.

Milimani wanajua kwamba maji hukutanisha watu. Ndiva, kama zile za kijiji cha Bangalala, ni bwawa dogo la kukinga maji ya mfereji usiku, ili asubuhi yafunguliwe yakiwa na nguvu ya kufika shambani. Tope likijaa, wenye mashamba ya chini wanatoka na majembe kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Zamu ya maji nayo lazima wakae waijadili, wagombane kidogo, wapatane. Watu walifuata maji, ujirani ukakua humo humo. Ndiyo maana benchi la saruji lililowekwa mahali pasipo na shughuli hubaki tupu.

Kwa hiyo viwanja vya vituo vya zamani vya kuchotea maji visiuzwe. Pawe na mwarobaini, mabenchi yanayotazamana, ubao wa matangazo ya mtaa na meza za mama wa mboga, mbali na barabara kuu iendayo Arusha. Umbali huo una maana: mwishoni mwa miaka ya 1960, mtafiti Donald Appleyard alilinganisha mitaa ya San Francisco inayofanana, akakuta wakazi wa mtaa wenye magari machache wana marafiki mtaani takriban mara tatu ya wale wa mtaa wenye magari mengi. Wapo wanaohofia vijiwe vya wavivu. Hofu ya haki, lakini baraza za mawe za Mji Mkongwe, Zanzibar, zimeshikana na kuta za nyumba, na anayekaa pale anaonwa na mwenye nyumba na kila apitaye. Benchi letu nalo likae mbele ya meza ya mboga, si nyuma ya ukuta. Wengine watasema kundi la WhatsApp linatosha. Linaleta taarifa ya msiba haraka, kweli. Lakini anayefika kufunga turubai na kuinjika sufuria ni yule aliyekwisha kuzoeana na wafiwa. Halmashauri iyaandike maeneo haya kwenye ramani ya mji sasa, kabla hayajagawiwa.