Haki za Mzazi wa Mtoto Mwenye Ulemavu katika Shule za Marekani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Wengi miongoni mwetu tuna watoto na wajukuu wakaao Marekani, nao hutuletea mashauri ambayo baba zetu hawakuyajua. Shauri mojawapo ni hili: mjukuu amechelewa kusema, au hasikii vizuri, au hasomi kama wenziwe, shule imewaita wazazi na kuwawekea karatasi mezani. Mwana atuuliza, "Baba, nitie sahihi?" Yatupasa tuwe na jibu.

Shule za umma za kule haziongozwi na Wizara moja kama zetu. Nchi imegawanywa katika wilaya za shule zaidi ya 13,000, na nyingi husimamiwa na halmashauri iliyochaguliwa na wakazi. Wilaya hiyo ndiyo yenye wajibu wa kumpa mtoto mwenye ulemavu elimu imfaayo, bila ada, tangu umri wa miaka 3 na, katika majimbo mengi, hata 21.

Haki hiyo ilipiganiwa. Zamani sheria ya Pennsylvania iliruhusu shule kumkataa mtoto ambaye akili yake haijafikia ile ya mtoto wa miaka 5. Mwaka 1971 chama cha wazazi, naam, chama kama hiki chetu, kilifungua shauri mahakamani, na milango ikafunguliwa. Mwaka uliofuata, mjini Washington, halmashauri ya shule ilijitetea kwamba haina fedha. Hakimu alikataa: upungufu wa fedha usiwaelemee watoto wenye ulemavu kuliko wenzao. Mwaka 1975 Bunge likatunga sheria ya nchi nzima, na Rais Gerald Ford akaitia sahihi. Bunge lenyewe lilikiri kwamba watoto 1,000,000 wenye ulemavu walikuwa wamefungiwa nje kabisa ya shule za umma.

Basi sheria hiyo yasemaje juu ya mzazi? Yasema kwamba mpango wa elimu wa mtoto huyo huandikwa na baraza la watu, na mzazi ni mmoja wao, mwenye kiti chake. Kabla mtoto hajapimwa mara ya kwanza, wilaya sharti ipate idhini ya mzazi kwa maandishi. Kabla huduma hazijaanza, sharti iipate tena. Na mzazi akikataa mara hii ya pili, wilaya haiwezi kumshinda kwa kumpeleka mbele ya mwamuzi. Baada ya hapo desturi za majimbo hutofautiana, kwa hiyo mtu aulize mahali alipo.

Lakini hapa ndipo watu wetu wanapopoteza haki yao kwa mikono yao wenyewe. Sisi tumelelewa kumheshimu mwalimu. Akisema, twaitikia, akitoa kalamu, twatia sahihi. Huko adabu hiyo hufahamika vingine: anayenyamaza huhesabiwa kuwa ameridhika. Kumwuliza mwalimu swali si kumvunjia heshima. Mzazi ana ruhusa kwenda na karatasi nyumbani, kuisoma, na kurudi siku nyingine.

Na asiyejua Kiingereza je? Wilaya yapaswa kuhakikisha mzazi anaelewa yanayosemwa mkutanoni, hata kwa kumwekea mkalimani. Kiswahili kimo katika haki hiyo, na ndugu zetu wengi waliotoka Kongo kama wakimbizi wanaihitaji zaidi kuliko sisi. Asikubali mtoto wake afanywe mkalimani. Mtoto gani atatafsiri vema maneno ya aibu yanayomhusu mwenyewe au nduguye? Tena sheria yakataza mtoto kuhesabiwa mlemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza. Jambo hili likumbukwe sana, kwani mtoto mgeni aliye kimya darasani huweza kudhaniwa mzito wa akili.

Mzazi asiporidhika na upimaji wa wilaya, aweza kuomba upimaji wa mtaalamu mwingine kwa gharama ya wilaya, na wilaya itoe au ijitetee mbele ya mwamuzi. Mabishano yakiendelea, kwa kawaida mtoto hukaa pale alipo. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika shauri lililotoka Colorado, kwamba mpango lazima umwezeshe mtoto kusonga mbele kwa kadiri ya hali yake. Kumketisha darasani tu hakutoshi.

Tusidhani kwamba wilaya zote hutoa kwa moyo mkunjufu. Serikali Kuu yao ilikubali tangu mwanzo kuchangia hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya mwanafunzi kwa kila mtoto wa namna hii, wala haijapata kuifikisha. Mzigo uliobaki huzielemea wilaya na majimbo, na ndiyo maana mzazi mpole huambiwa "hatuna" upesi.

Wanachama waliopokea barua za namna hii wazilete kwa Katibu baada ya mkutano. Tutasaidia kuandika majibu, na tutaanza na wale ambao siku ya mkutano wao wa shule imekwisha kutajwa.