SABUNI YA MAWESE: TUITENGENEZE BILA KUMUUMIZA MTU

(Mazungumzo ya mhamasishaji wa afya na kikundi cha akina mama na vijana)



Wengi mmeomba kujifunza kutengeneza sabuni. Ni ombi jema. Sabuni ikiisha nyumbani, tunajua maradhi yanayofuata. Mwezi wa Julai na Agosti 1994 huko Goma, kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi. Mwaka 1993, katika kambi ya Nyamithuthu nchini Malawi, familia za wakimbizi kutoka Msumbiji zilifuatiliwa. Zile zilizokuwa na sabuni nyumbani ziliharisha pungufu kwa asilimia 27. Ni kipande cha sabuni tu, wala si dawa.

Lakini kwanza niwaeleze jambo. Katika kambi niliyoishi zamani, jirani yangu alikoroga maji ya soda ya sabuni katika kikombe cha chai, akakiweka chini ya kitanda. Mtoto wake wa miaka 3 alirudi kutoka kucheza ana kiu. Hakufa, lakini koo liliungua, na mpaka tunaachana alikuwa akila uji mwepesi tu. Mama yule hakuwa mzembe. Hakuna aliyemwambia. Ndiyo maana leo nawaambia ninyi.

Soda hiyo ni soda kali, watu huiita kostiki. Si magadi ya maharage, wala si soda ya maandazi, ingawa zote ni nyeupe. Usiiweke kamwe katika chombo cha chakula au chupa ya kinywaji. Iwe katika chombo chenye kifuniko, juu, mbali na watoto.

VITU VINAVYOTAKIWA
- Mafuta ya mawese, kilo 1
- Kostiki, gramu 135
- Maji safi, gramu 300
- Mizani, ndoo mbili za plastiki ngumu, mti wa kukorogea, na kisanduku cha mbao kilichotandikwa nailoni
- Glovu za mpira, miwani na nguo ya mikono mirefu

Pima kwa mizani, si kwa kijiko. Kostiki ikizidi, sabuni itachoma ngozi. Sufuria ya alumini isiguswe na kostiki, maana italiwa na kutoa gesi inayoweza kuwaka.

NAMNA YA KUTENGENEZA
1. Fanya kazi nje, upepo ukitoka mgongoni mwako. Watoto wawe mbali.
2. Tia maji kwenye ndoo kwanza, kisha nyunyiza kostiki kidogo kidogo huku ukikoroga. Usimwage maji juu ya kostiki, yataruka na kukuunguza. Maji yatapata moto sana bila kuwekwa jikoni. Usivute mvuke wake. Acha yapoe.
3. Pasha mawese yawe ya vuguvugu, uyamimine katika ndoo ya pili.
4. Mimina maji ya kostiki polepole ndani ya mafuta. Koroga bila kuchoka mpaka yawe mazito kama uji. Huweza kuchukua saa nzima, basi pokezaneni.
5. Mimina katika kisanduku, funika, acha siku 2. Kata vipande ukiwa umevaa glovu.
6. Anika kivulini penye hewa kwa wiki 4. Ukiona chembe nyeupe ndani yake au maji yakitoka, usiitumie.

Utapata sabuni karibu kilo 1 na robo. Ndoo na mti vibaki vya sabuni tu.

AJALI IKITOKEA
Kostiki ikigusa ngozi au jicho, vua nguo iliyolowa na osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20. Usipake siki wala mafuta. Kwa jicho, nenda zahanati hata kama maumivu yamepoa. Mtu akimeza, asitapishwe, kwa kuwa kostiki itamchoma mara ya pili ikipanda. Asukutue kinywa, akimbizwe zahanati mara moja. Kabla ya kuanza kazi, weka ndoo iliyojaa maji pembeni.

La mwisho, mafuta ya mgawo ni ya watoto kula. Msiyageuze sabuni. Tena kila mafuta yana kipimo chake, na hiki nilichotaja ni cha mawese tu. Anayetaka kuanza asianze peke yake. Anunue vitu pamoja na kikundi, na mara ya kwanza awepo aliyekwisha kufanya.

Na sabuni ikikauka, isiwekwe sandukuni kungoja wageni. Iwe karibu na maji, tunawe baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula na kabla ya kumlisha mtoto.

Sasa nipo tayari kwa maswali.