KILO ZINAZOPITA MGONGONI
(Maneno yaliyosemwa Golf, mbele ya wachukuzi wa depo)



Sisi makarani wa mine kazi yetu ni kilo. Tunaandika kilo za shaba, za simenti, za unga. Gari likizidi uzito tunaulizwa. Lakini kilo zinazopita mgongoni mwa mchukuzi hazina kitabu.

Basi tuzihesabu leo. Gari la tani 30 za simenti ni mifuko 600 ya kilo 50. Watu sita wakilishusha, kila mmoja amebeba mifuko 100, ndizo kilo 5,000, kabla hajala bukari yake. Na anayelipwa kwa hesabu ya mifuko hathubutu kupumzika.

Wakubwa watajibu: mwaka 1967, kule Geneva, Shirika la Kazi la Kimataifa lilishauri mwanaume asibebe zaidi ya kilo 55. Ni kweli. Lakini huo ni mpaka wa mzigo mmoja, si ruhusa ya kurudia mara 100. Wataalamu wa serikali ya Marekani, katika hesabu yao ya 1991, walianzia kilo 23, tena mzigo ukiwa karibu na mwili na mtu hajipindi. Nani kati yenu anafanya kazi namna hiyo? Mfuko unavutwa toka chini, mikono imenyoshwa, kiuno kimezungushwa. Ndipo vile vinyama laini katikati ya pingili za uti wa mgongo vinaposukumwa na kubana mshipa wa fahamu.

Kisha tunagawiwa mikanda ya kiuno! Wataalamu wale wale walisema mwaka 1994 kwamba haijahakikishwa kuwa inamlinda mtu mzima asiumie. Mkanda ni rahisi kuliko kumwajiri mtu wa saba, ndiyo maana unapendwa.

Tunadai hivi: mfuko ubebwe na wawili, au pusupusu iletwe; malipo yawe kwa siku; na ajali iandikwe siku hiyohiyo. Sheria ya hifadhi ya jamii ya 2016 inahesabu ajali za kazi, lakini mtu asiyeandikishwa CNSS atadai kwa karatasi gani?

Aliyeumia kiuno asilale kitandani siku nyingi. Atembee kadiri anavyoweza. Ila miguu ikifa ganzi, au mkojo ukizuilika ama kujitokea wenyewe, apelekwe hospitali saa ileile, asingoje mshahara.

Wachukuzi, Jumamosi leteni hesabu ya mifuko mliyoshusha, na majina ya walioumia. Sisi tutaleta kitabu.