Mke wa Unguja, Mume wa Mombasa: Karatasi Kabla ya Askari

 

(Maandishi ya mazungumzo na vijana, Mama Ngina, Mombasa. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.)

 Sogeeni, upepo wa bahari huu usije ukanimezea maneno.

Leo nazungumza ndoa. Nasaha za subira na mapenzi mumezisikia kwa masheikh zetu, mimi nitazungumza ile sehemu ambayo haiwekwi kwenye sinia ya halua: karatasi. Kwa sababu sisi watu wa Pwani tunaoana kuvuka mipaka. Mmoja kaoa Unguja, mwengine Tanga, huyu dada kaolewa Maskati, yule kampata mume Mwitaliano wa Malindi. Na swali tunaloulizwa kila mara ni hili: "Mke wangu amekuja kunitembelea. Ni lazima nimpeleke kituo cha polisi akajiandikishe?"

Jibu fupi: hapa Kenya, hapana. Mgeni hajiandikishi polisi, anajiandikisha Idara ya Uhamiaji. Sheria ni ile ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, kifungu cha 56: mgeni aliyeko nchini kihalali, akikaa mfululizo zaidi ya siku 90, ni lazima ajiandikishe kwa afisa wa uhamiaji. Na ofisi yenyewe hata si safari. Iko jumba la Uhuru na Kazi, barabara hii hii ya Mama Ngina. Wangapi tunapita pale kila jioni tukija kula mihogo na hatujawahi kuingia?

Sasa, mbona watu wetu wakisikia "kujiandikisha" wanafikiria polisi, tena wanaogopa? Ogopa hii ina mizizi.

Mpaka Disemba 1963, ukanda huu wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiutawala kwa niaba yake. Mtu wa Kibokoni akioa Unguja alikuwa hajaenda kwa mtawala mwengine. Anapanda jahazi, anafunga nikaha, anarudi na mke. Kisha mpaka ukaingia katikati ya familia. Bibi yuko huku, ndugu zake wako kule, na ghafla mmoja wao ni "mgeni".

Halafu kuna kipande. Neno hili tunalitumia mpaka leo kwa kitambulisho, lakini asili yake ni sheria ya mkoloni ya 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza: mwanamume Mwafrika anatembea na karatasi yake ndani ya kidebe, kimening'inia shingoni. Ile karatasi ilikuwa ya kumfuatilia. Ikaja 1989, Wasomali wa Kenya peke yao wakapangwa foleni kuthibitisha kuwa ni Wakenya, wakapewa kadi ya rangi ya waridi ambayo raia wengine hawakuitishwa. Ikaja Aprili 2014, msako wa Usalama Watch, maelfu wakakusanywa Eastleigh na wengine wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Kwa hivyo mzee wako akikwambia "mwanangu, usiende kujiandikisha, utajitia mashakani," usimcheke. Anakumbuka.

Na si Kenya pekee. Marekani, baada ya Septemba 11, walianzisha mpango wa mwaka 2002 wa kuwaandikisha wanaume wageni kutoka nchi 25. Nchi 24 katika hizo zilikuwa na Waislamu wengi, na moja tu haikuwa, Korea Kaskazini. Zaidi ya watu 80,000 waliokuwa tayari ndani ya nchi walikwenda wenyewe kutii sheria. Zaidi ya 13,000 wakafunguliwa kesi za kufukuzwa. Mpango ule ulisimamishwa 2011, na kanuni zake zikafutwa kabisa Disemba 2016.

Nayasema haya ili tutofautishe vitu viwili. Kuna kuandikisha kunakochagua watu kwa dini au kabila lao. Hiyo tutaipinga, na Katiba kifungu cha 27 iko upande wetu. Na kuna kuandikisha kunakomhusu kila mgeni, wa dini yoyote, Mjerumani wa Diani na Mpemba wa Chake Chake sawasawa. Hii ya pili ukiikimbia, hujapigania haki. Umempa mtu silaha ya kukupigia.

Tuchukue mfano. Kijana wa Mji wa Kale kaoa binti wa Unguja. Nikaha imesomwa nyumbani, walii yupo, mashahidi wapo, mahari yametolewa. Mbele ya Mwenyezi Mungu ndoa imetimia. Binti kavuka Horohoro kuja Lungalunga, kapigiwa muhuri kwenye pasipoti. Kama raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, anaweza kupewa mpaka miezi 6 bila ya viza. Raha mustarehe. Miezi inapita, mimba inaingia, muhuri unaisha. Hakuna aliyeangalia tarehe.

Siku moja kwenye kizuizi cha barabarani, askari anasema: "Kitambulisho." Binti hana kipande. Anatoa pasipoti. Tarehe imepita. Hapo tena hakuna hadithi ya mapenzi. Kwa sheria ile ya 2011, kuwa nchini bila ya ruhusa ni kosa ambalo faini yake inafika shilingi 500,000, au kifungo mpaka miaka 3, au vyote viwili. Yule askari anaijua sheria hii vizuri, na wewe huijui. Hapo ndipo maneno ya "hebu tusaidiane" yanapoanza. Na ukishasaidiana mara moja, mtaa mzima wa askari unajua nyumba yako ina mgeni asiye na karatasi. Kumbuka pia Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa kama inavyomshika anayepokea.

Sasa, binti yule angefanya nini?

Kwanza, apite mpakani rasmi. Njia za panya ni fupi, lakini hazina muhuri, na bila ya muhuri huwezi kuthibitisha umeingia lini wala vipi.

Pili, asome muhuri wake. Siku alizopewa ndizo alizonazo. Akitaka zaidi, aende ofisini kabla hazijaisha. Sio wiki moja baadaye.

Tatu, cheti cha ndoa. Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka. Nikaha bila ya cheti ni nikaha kwa dini, lakini afisa wa uhamiaji hatapiga simu kwa shahidi wako. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka kila ndoa isajiliwe, ya Kiislamu pia. Nenda kwa kadhi au kwa sheikh mwenye idhini ya kutoa cheti. Kama nikaha ilisomwa Unguja, chukua cheti huko huko kabla hamjapanda boti.

Nne, kwa cheti hicho mume aombe pasi ya mtegemezi kwa ajili ya mkewe, kupitia eCitizen. Na akipindukia siku 90, kujiandikisha na kupata kadi ya mgeni. Kadi ile ndiyo inayomfanya atembee Marikiti kifua mbele.

Tano, hesabuni miaka. Ndoa ikifika miaka 3, mke au mume mgeni anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Ikifika miaka 7, Katiba kifungu cha 15 inampa haki ya kuomba kusajiliwa kama raia. Na hii ni kwa wanaume na wanawake sawa. Kabla ya Katiba ya 2010, dada zetu walioolewa na wageni hawakuwa na njia hii: Mkenya mwanamume angeweza kumpa mkewe uraia, Mkenya mwanamke hawezi kumpa mumewe. Hiyo haki ilipiganiwa, itumieni. Ila mjue Tanzania kwa kawaida haimruhusu mtu mzima kubaki na uraia wa nchi mbili, kwa hivyo binti wa Unguja afikirie vizuri kabla ya kuchukua wa Kenya. Ukaazi wa kudumu huenda ukamtosha.

Na watoto? Kifungu cha 14: mtoto ni raia kwa kuzaliwa ikiwa baba au mama ni raia, hata azaliwe wapi. Lakini haki bila ya cheti cha kuzaliwa ni kama dau bila ya tanga. Kitoeni mapema, majina ya wazazi wote wawili yawemo. Waulizeni Wapemba wa Kenya, walioishi Pwani hii kwa vizazi na kuzaa watoto hapa, wakaja kutambuliwa rasmi mwaka 2023 tu. Miaka yote ile, kijana akifika 18 hana kipande, na bila ya kipande huna hata laini ya simu kwa jina lako.

Tugeuze upande wa pili. Safari hii wewe ndiye unayekwenda kwao.

Ukienda Unguja, chukua pasipoti, pigiwa muhuri. Na ukifika mtaani, mwambie mwenyeji wako akupeleke kwa sheha. Sheha si polisi, ni kiongozi wa serikali wa shehia, na anatakiwa ajue nani anaishi kwake. Dakika kumi, salamu, jina lako, basi. Usione ni unyonge, ni adabu ya kubisha hodi. Bara nako kuna serikali ya mtaa.

Dada unayekwenda Ulaya, hapa ndipo penye polisi kweli. Italia, kwa mfano. Ukiingia moja kwa moja kutoka nje ya nchi za Schengen, ukaguzi wa uwanja wa ndege unatosha. Lakini ukipita Amsterdam au Frankfurt, ukaguzi unafanyika kule, na ukifika Italia una siku 8 kwenda kutoa taarifa kwa polisi, ofisi inayoitwa Questura. Hoteli hukufanyia. Mume akikupokea nyumbani, hakuna wa kukufanyia. Na yeye mwenyewe ana saa 48 za kuwaarifu wakuu kwamba amekaribisha mgeni. Ujerumani ukihamia unajiandikisha ofisi ya wakaazi, si polisi. Uingereza walikuwa wakiwaandikisha polisi wageni wa nchi kadhaa, Oman ikiwemo, lakini wakauacha mpango huo Agosti 2022. Kila nchi na desturi yake. Uliza ubalozi kabla ya kukata tiketi.

Na Oman, kwa miaka mingi Mwomani alihitaji kibali cha serikali kabla ya kuoa mgeni. Ndoa nyingi za watu wetu zilifanywa huku kimyakimya kwa sababu hiyo, na wake wakabaki huku na watoto bila ya karatasi. Aprili 2023 sharti lile liliondolewa. Kama kuna ndoa ilikuwa imefichwa kwa hofu hiyo, sasa isimamisheni wazi.

Sasa sikizeni, hili ndilo lililonileta. Katika nyumba yenye mke mgeni asiye na karatasi, yeye ndiye mnyonge kuliko wote. Akipigwa, anaogopa kwenda kuripoti. Akiumwa, anaogopa hospitali. Na wapo wanaume, Allah atuhifadhi, wanaopenda iwe hivyo. Anaifungia pasipoti ya mkewe kabatini, na wakigombana anamwambia: "Nikipiga simu moja tu, unarudishwa kwenu." Huyo hahifadhi ndoa. Anafuga mateka. Mke umemchukua kwa amana mbele ya walii wake, na kumwekea karatasi zake sawa ni sehemu ya amana hiyo kama chakula na mavazi. Dada, pasipoti yako ikae kwako. Piga picha kurasa zake, mtumie mama yako.

Na akisimamishwa? Aseme ukweli, asikimbie, aoneshe pasi yake. Akikamatwa, kifungu cha 49 kinamlinda hata kama si raia: aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, anaweza kunyamaza, awasiliane na wakili, na afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata. Andikeni jina na nambari ya askari na kituo. Mzee wa mtaa au mtu wa Nyumba Kumi hana mamlaka ya kumzuilia mtu kwa sababu ya viza.

Ukitoka hapa, fanya mambo matatu. Fungua pasipoti ya mgeni wako, soma tarehe. Tafuta cheti cha ndoa, kama hakipo, kesho asubuhi kwa kadhi. Na kama tarehe imeshapita, usijifiche. Nenda kwa wakili au kwa watu wa haki za binadamu kwanza, kisha muende Uhamiaji pamoja. Anayejipeleka husikizwa tofauti na anayekamatwa.

Mwenyezi Mungu azihifadhi ndoa zetu za pande zote mbili za mpaka. Amin. Maswali sasa, tuanze na akina dada.