Naomi naye alirudi mikono mitupu

*Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi mmoja wa misaada anayetembelea chama chetu, kwenye mkutano wa wanachama hapa Himbi, Goma. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema.*

 

 Mama Prezida aliniambia hivi: "Leo usituletee mambo ya liste na sabuni. Utuletee neno." Nilicheka, lakini moyoni niliogopa. Mimi si mchungaji. Kuhesabu familia, bidoni za maji na vyoo, hiyo ndiyo kazi niliyosomea. Neno la Mungu ninalisoma kama ninyi, na kuna siku ninalifunga kwa sababu sielewi.

Lakini niliwaza: karibu kila mtu aliyeko hapa amerudi. Mwingine alirudi kutoka Bulengo, mwingine Lushagala, mwingine Minova, mwingine ng'ambo ya mpaka. Basi nikatafuta ndani ya Biblia mtu aliyerudi kama sisi. Nikamkuta mama mmoja, jina lake Naomi.

Mnaijua habari yake. Njaa iliingia Bethlehemu, mji ambao jina lake maana yake ni nyumba ya mkate. Nyumba ya mkate yenyewe ikakosa mkate! Sisi watu wa Kivu tunaielewa hiyo vizuri, sisi wenye udongo mweusi, maharage na viazi, ambao tumepanga mstari kupokea unga uliotoka ng'ambo ya bahari. Naomi akakimbia na mume wake na vijana wao wawili mpaka Moabu. Huko mume akafa. Vijana wakaoa, na baada ya miaka kama kumi nao wakafa. Mmoja wao aliitwa Kilioni. Kwa masikio yetu ya Kiswahili jina lile linaumiza tayari.

Naomi akasikia kwamba kwao chakula kimepatikana, akarudi. Wamama wa mji wakatoka kumwangalia, wakaulizana kama kweli ni yeye. Na yeye hakuwaficha. Alisema wasimwite tena Naomi, jina lenye utamu ndani yake, wamwite Mara, yaani uchungu, kwa sababu aliondoka akiwa amejaa na Mungu amemrudisha mtupu.

Wapendwa, nataka tusimame hapo kidogo. Yule mama alisema maneno makali juu ya Mungu, mbele ya watu, njiani. Na Biblia haikuyafuta. Hakuna nabii aliyekuja kumwambia: "Nyamaza, huna imani." Kwa hiyo mama aliyerudi Sake akakuta nyumba haina mabati wala milango, na akauliza Mungu alikuwa wapi, asifikiri kwamba swali lile limemtoa kanisani. Liko ndani ya Kitabu.

Sasa niseme habari yangu. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipotoka, mimi nilikuwa na miaka 11. Moto ule ulipita uwanja wa ndege, ukakata mji katikati, ukala soko na maduka na kathedrali ya Saint-Joseph, ukateremka mpaka ziwani. Nyumba yetu ya mbao ilikuwa njiani mwake. Tulikimbilia Gisenyi. Baada ya siku chache mama akasema tunarudi, na tulirudi tukikanyaga mawe yaliyokuwa bado na joto, viatu vinanuka. Mahali pa nyumba yetu palikuwa jiwe jeusi tu. Mama akapiga magoti juu ya jiwe lile, akaimba. Mimi nilikasirika. Nilijiuliza anamwimbia nani.

Nilikua na hasira ile chini chini. Nilikwenda kanisani, niliimba kwaya, nilisoma, nikapata kazi. Halafu ikaja ile wiki ya mwisho wa Januari 2025. Mnaikumbuka, sitaki kuirudisha yote. Maji yalikatika, umeme ulikatika, risasi zilipita juu ya mabati. Mimi na mke wangu na watoto tulilala chini ya vitanda hapa hapa Himbi, na kukipoa kidogo watu walikimbia na bidoni kuchota maji ya ziwa. Siku zile sikuomba. Nasema kweli mbele yenu: kinywa kilikataa.

Mwezi wa pili, kambi zikavunjwa. Watu waliokuwa Bulengo na kwingine wakafunga vitu vyao kwa haraka, wengine juu ya chukudu, wengine kichwani. Kazi yangu ilikuwa kutembelea waliorudi na kuuliza maswali yaliyomo ndani ya simu ya kazi. Nikafika kwa mama mmoja. Sitamtaja jina. Aliponiambia kwamba mtoto wake wa mwisho alikufa kwa kuhara kule kambini, mimi nilibonyeza pale panaposema "ndiyo". Halafu, kwa sababu nilitaka kumpa kitu, nikamwambia: "Mama, Mungu ana mpango."

Akaniangalia. Akasema: "Mwanangu, mpango huo usiniambie. Weka ile simu. Kaa."

Nikakaa. Hakukuwa na kiti, nilikaa juu ya bidoni. Tulikaa pengine saa nzima. Alisema kidogo sana. Jirani mmoja akaingia, naye akakaa. Mwingine akaja na viazi vitamu vichache ndani ya sahani, tukala wote. Jioni ilipoanza kuingia, yule mama akaanza wimbo, polepole, wale wengine wakaitika. Na mimi nikasikia sauti yangu ndani ya ule wimbo. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuomba tangu vita. Nikamkumbuka mama yangu juu ya lile jiwe, nikaelewa kidogo. Hakuwa anamshukuru Mungu kwa sababu nyumba imeungua. Alikuwa anakataa kubaki peke yake na ule uchungu.

Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba za kwanza: walikaa naye chini, wakanyamaza. Waliharibu walipoanza kueleza. Na Bwana Yesu mwenyewe, alipofika penye kaburi la Lazaro, alijua atamfufua, lakini kwanza alilia. Hakusema "nyamazeni, nina mpango". Alilia na waliokuwa wanalia. Imani niliyoipata juu ya ile bidoni ni hii: Mungu ninayemwamini hakunipa maelezo, alikuja akakaa.

Turudi kwa Naomi. Ukisoma habari yake toka mwanzo mpaka mwisho, hutakuta malaika, hutakuta ndoto, hutakuta sauti toka mbinguni. Faraja yake ilipita wapi? Ilipita kwa mkwe wake Ruthu aliyekataa kumwacha. Ilipita kwa Boazi, mwenye shamba, aliyewaambia wavunaji wake waache masuke yadondoke makusudi ili yule mjane aokote bila kuona haya. Na ilipita kwa wamama wa mji, wale wale waliomwona akifika mtupu. Mtoto alipozaliwa, wao ndio waliompa jina: Obedi, babu yake Daudi.

Na huyu Ruthu alikuwa nani? Hakuwa wa kwao. Alikuwa Mmoabu, mgeni, mtu wa taifa ambalo watu wa Bethlehemu hawakulipenda.

Hapa ndipo ninapotaka kusema jambo ambalo linatukalia shingoni. Najua kwamba leo, baada ya neno hili, mtazungumza juu ya kasha la chama. Nimesikia wengine wanasema: pesa ni kidogo, benki zilifungwa Januari 2025, kazi hakuna, basi tusaidie kwanza watu wa kwetu, wa kijiji chetu, wa lugha yetu. Wale wajane wengine wanaokuja kukaa nyuma pale waende kwa watu wao.

Sidharau hofu hiyo. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu anashika kidogo kilichobaki kwa mikono miwili. Mimi ni mgeni katika kasha lenu, sina kura. Lakini nawaomba mjiulize swali moja tu: kama Bethlehemu ingesema "watu wa kwetu kwanza", Naomi angebaki na nani? Angeingia mjini peke yake na uchungu wake. Faraja aliyotumiwa na Mungu ilikuwa na sura ya mgeni. Tukifunga mlango, hatujui ni nani tumemwacha nje.

Na kuna jambo la pili, la liste. Mama Prezida anisamehe, nimerudi kwa liste! Hapa Goma tuna shahidi wetu. Floribert Bwana Chui alizaliwa mji huu mwaka wa 1981. Alifanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani, na wakati wake mwingine alikuwa na watoto wa barabarani pamoja na jumuiya ya Sant'Egidio. Walimpa pesa ili aache chakula kilichooza kiingie sokoni. Akakataa, kwa sababu alijua ni nani watakaokila: ni sisi. Mwezi wa saba 2007 walimteka wakamuua. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri, kule Roma. Hata sisi ambao si Wakatoliki tulifurahi.

Kwa nini nimemtaja? Kwa sababu mtu aliye katika mateso ni rahisi kumwibia. Hana nguvu ya kulalamika. Jina moja la uongo likiingia katika liste, kuna mama mmoja wa kweli anayetoka. Mimi pia nimeshawahi kuombwa: "Ongeza tu ndugu yangu, nani atajua?" Siku hizo ninamkumbuka kijana yule wa mpakani. Kumfariji mtu kwa wimbo halafu kumpunguzia unga, hiyo si faraja.

Ninyi mnaotusaidia toka mbali, aksanti sana. Msifikiri kwamba mnatuma tu unga na dawa. Boazi hakumwuliza Ruthu maswali arobaini kabla ya kuacha masuke. Tunahitaji msaada wenu, na tunahitaji pia mtuamini kidogo, kama sisi tunavyojaribu kuwa watu wa kuaminika.

Na ninyi wanachama: sina jibu la kwa nini. Kwa nini watoto wetu, kwa nini tena na tena, 1994, 2002, 2012, 2021, 2025. Nikiwaambia ninalo, nitakuwa nimewadanganya. Ninachojua ni kwamba Naomi hakubaki Mara mpaka mwisho. Haikuwa siku moja. Ilikuwa msimu mzima wa mavuno, suke kwa suke, huku watu wanakaa naye.

Basi wiki hii, kila mmoja wetu atafute mlango mmoja. Usiende na mahubiri. Ukipata viazi, beba. Ukikosa, nenda hivyo hivyo. Ukifika, kaa.

Tusimame, tushikane mikono, tuombe. Na kabla hatujaanza, wale wamama waliokaa kule nyuma, tafadhali, mje hapa mbele pamoja nasi.

Amina.